Ziwa la Kushoto la Mama

Jumapili, 1 Septemba 1974
Misa, kisha kufyeka shamba la kijiji mpaka mikono imetoka malengelenge. Tangu tuhamishiwe huku karibu na Mikumi, kwenye nyumba za mstari, hata ukikohoa mtaa mzima unajua! Leo kisimani wanawake walikuwa wanamsengenya Mama. Eti mdogo wangu Mathias amekonda kwa sababu Baba na Mama hawakusubiri amalize kunyonya. Wamembemenda mtoto! Eti ndiyo maana ziwa la Mama limekuwa gumu, maziwa yamechafuka. Nilitamani kuwamwagia ndoo. Mama alisikia yote. Alijitwika maji yake akaondoka.

Jumanne, 3 Septemba
Bibi amemchana Mama tena. Anapasha kitana cha mti motoni, anakipitisha juu ya ziwa la kushoto kuelekea kwenye chuchu, ili maziwa yaliyoganda yafunguke. Mimi nashika bakuli la maji ya moto. Bibi anasema likifunguka, midomo ya watu itafungwa. Mama hata hakukunja uso. Nikamuuliza kama anaumia. Haliumi hata kidogo, akasema, ndiyo maana hana wasiwasi. Lakini ngozi imeingia vishimo vishimo, na chuchu imezama ndani.

Baba anataka aende zahanati. Mama hataki.
“Nikaonyeshe nini, baba Hilda? Nikaonyeshe aibu yetu?”

Alhamisi, 5 Septemba
Na mimi ninalo ziwa gumu!! Chini ya chuchu ya kulia — kitu kama punje ya kunde. Kinauma nikilala kifudifudi. Mimi wa darasa la sita, sina mtoto, sina maziwa. Watasema nini juu yangu? Nimelia nyuma ya ghala. Sitamwambia mtu.

Jumatatu, 9 Septemba
Nesi Teresia wa zahanati alikuja shuleni kuzungumza na wasichana. Wenzangu wakacheka, wakafunika nyuso kwa madaftari. Wajinga. Wote walipotoka nikabaki.
“Shikamoo nesi.”
“Marahaba mwanangu. Mbona umejikunyata hivyo?”

Nikamwonyesha. Akanipapasa taratibu, akatabasamu. Unakua tu, akasema. Huanza upande mmoja, huuma, ukigusa kinacheza chini ya kidole. Cha pili kitafuata. Nisikiminye. Saratani kwa msichana wa umri wangu ni nadra mno. Nilifurahi! Nilitaka kumkumbatia.

Basi nikamuuliza, hiyo saratani yenyewe ikoje? Nilikuwa nimeshasimama niondoke. Akasema ni uvimbe mgumu, mara nyingi hauumi mwanzoni, na hausogei. Ngozi inakuwa kama ganda la chungwa. Chuchu inavutwa ndani, au inatoa damu. Tena haitokani na dhambi ya mtu, wala mtu asingoje mpaka aumwe, kwa sababu ikiwahiwa inatibika.

Nikakaa tena chini.

Jumanne, 10 Septemba
Nimemwambia Mama. Amenifokea: mtoto mzima naenda kuzungumza na nesi habari za kifua chake! Akatoka nje na jembe. Baadaye akarudi, akanishika mkono akauingiza kwapani mwake. Kuna kivimbe kingine, kigumu.

Bibi ameketi jikoni na kitana mapajani. Anauliza peke yake, kwa Kividunda, alikuwa anachana nini siku zote hizi. Namwonea huruma Bibi. Namkasirikia pia. Vyote viwili.

Ijumaa, 13 Septemba
Hospitali ya Kilosa, kwa lori la kijiji. Daktari amempima Mama, hana shaka: saratani. Ziwa lote likatwe, kisha aende Dar es Salaam kuendelea na matibabu, wiki nyingi. Baba akauliza kama atapona. Daktari alitazama dirishani kwanza. Tutajaribu, akasema.

Mathias lazima aachishwe. Maziwa hayamwambukizi, lakini Mama atakuwa mbali.

Mama hakuuliza habari za kupona. Aliuliza kama wanaweza kungoja mpaka mtoto aote meno ya nyuma.

Jumatano, 18 Septemba
Tumerudi Kilosa. Mama amelazwa, kesho ndiyo upasuaji. Asubuhi kabla ya kuondoka nyumbani, wale wanawake wa kisimani walileta unga na kuku. Mmoja alilia. Mama akawashukuru vizuri tu. Mimi sikuweza kuwaamkia.

Alhamisi, 19 Septemba
Naandika hapa barazani, nje ya wodi. Mama ameketi karibu yangu, amevaa gauni la hospitali. Amejipaka shubiri kwenye ziwa la kulia, lile zima, ili Mathias alichukie mwenyewe. Akamwekea mdomoni. Mathias amekunja uso, akatema, akapiga kelele. Nikanyoosha mikono nimchukue. Akanisukuma! Amerudi pale pale. Analia huku ananyonya, shubiri yote anaimeza, na ngumi ameikaza kwenye gauni.

Mama anamwambia, “Mwanangu, chungu hiyo. Acha, baba, ni chungu.”

Lakini yeye mwenyewe ndiye amemshikilia. Mkono wake uko nyuma ya kichwa cha mtoto, hautoki. Baba amegeuka upande wa pili.

Nesi wa wodi ametokea mlangoni na kiti cha magurudumu. Ameita jina la Mama. Sasa ameita tena.