Bibi Susana hakuwa mweupe

Mtaa wa Xiaobei, Jumanne

Amemchubua! Nilimpelekea laoban, yule Mchina mwenye duka la picha, ile picha ya Bibi Susana, bibi yake mama, aliyopigwa studio kule Tabora enzi za Mjerumani. Nilitaka aondoe madoa tu. Akanirudishia mwanamke mweupe, anatabasamu.

"Sasa mzuri," akasema.

"Bu yao! Sitaki. Huyu simjui."

Akacheka, eti wateja wote hupenda hivyo. Nikavuta kiti, nikakaa kando ya kompyuta yake. Sikuondoka mpaka weusi wa Bibi ukarudi, na ule mdomo aliofumba kwa fahari.

Picha yenyewe inafifia. Naogopa wanangu hawatamjua...

Kesho namtundika ofisini kwangu, jengo la Tianxiu, mkabala na mlango. Wanaotaka bibi mweupe watafute wa kwao.