Mdomo wangu na goti la Swaibu

Yakub, nimeharibu. Nimeharibu kabisa, na usicheke.

Si unamjua Swaibu wetu, kiungo aliyechezea timu saba kwa miaka kumi na miwili? Leo kocha wa timu ya nane amenipigia nikiwa dukani hapa Shianda. Swaibu ndiye alimpa namba yangu. Kocha akauliza, "Huyu bado ana nguvu?"

Nami na huu mdomo! "Nguvu anazo, kocha, ila goti moja lilistaafu akiwa timu ya nne."

Wallahi nilikuwa natania! Kocha hakucheka. Akasema, "Asante kwa kuniambia ukweli," akakata simu.

Ukweli! Yakub, ukweli gani? Goti lilipona kitambo.

Sasa Swaibu mwenyewe amekuja, anacheka vile huchekanga. "Abu, ndugu yangu, najua umenisemea vizuri. Kocha atanijibu kabla ya magharibi." Ameketi kwenye benchi langu, simu mkononi, anangoja.

Nimempigia kocha mara tisa nimwambie ulikuwa utani. Hashiki.

Swaibu ananionea huruma. Ananiuliza ni nani huyo anayenisumbua hivyo.