X Nyekundu Isiyo na Nambari

Jumatatu, 7 Aprili

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba barabara ya mabasi ya mwendo kasi huanza na mabasi. Huanza na mkopo. Basi ni kitu cha mwisho kununuliwa. Kwanza mkopeshaji, kisha masharti yake, kisha ardhi, kisha lami. Nimeyaeleza haya leo tena kwenye kamati ya mtaa hapa Mikindani. Karisa, mwenyekiti wetu, alipiga miayo. Sikujali. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mpimaji wa barabara, na mpimaji huzoea kurudia.

Sharti moja la mkopo linanifurahisha. Fedha za ujenzi hazitoki mpaka kila anayehamishwa ahesabiwe na alipwe, hata mwenye nyumba asiye na ardhi. Kwetu Pwani hilo ni jambo kubwa. Wengi tumejenga juu ya viwanja vya watu. Kuta zetu, udongo wao. Zamani barabara ikipanuliwa mwenye udongo alilipwa, mwenye kuta akabeba mabati yake akaenda zake. Safari hii kuta zina haki.

Kuhesabu kunaanza Alhamisi. Magoti yananiuma. Mvua i karibu.

Alhamisi, 10 Aprili

Makarani wa kuhesabu wamepita leo. Sikuwepo. Kamati iliitwa kisiwani, mjini kati, kuonana na mjumbe wa mkopeshaji. Kikao kizuri. Tumeonyeshwa ramani: njia mbili katikati ya barabara, za mabasi peke yake, matatu wala lori haliingii. Foleni ya Changamwe imekula umri wa watu. Shemeji yangu Salim, Mungu amrehemu, alitoka nyumbani kabla ya alfajiri miaka yote ili awahi zamu bandarini. Tumemzika Ramadhani hii iliyopita. Hatalipanda basi hili.

Jioni nilipita kwa mjane wake, dada yangu Zuhura. Yumo edani: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, kama sheria inavyotaka. Nilimwachia samaki, nikarudi. Giza lilikuwa limeingia. Ukuta sikuutazama.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeutazama leo, nikitoka msikitini.

Kila nyumba upande ule wa kwa Zuhura imepakwa X nyekundu, na nambari chini yake. X maana yake nyumba itabomolewa. Nambari maana yake anayekaa humo amehesabiwa na atalipwa. Nyumba ya Zuhura ina X. Nambari haina.

Jirani yake Shee alikuwa barazani, amefurahi. Anasema aliwaona vijana wanaujia mlango, akawawahi.

"Nikawaambia, wanangu, mwenye nyumba ametangulia mbele ya haki, na humo ndani mna eda. Msibishe hodi. Wallahi, hata kivuli chao hakikuugusa mlango."

Vijana wa bara, wenye adabu, eda hawaijui. Wakaomba radhi, wakapaka X yao, wakaenda zao. Wakaandika: mwenye nyumba marehemu, mlango umefungwa, nyumba haina mtu.

Sikumkemea Shee. Amefanya ambalo jirani yeyote wa hapa angelifanya. Mjane wa eda hasimami na wanaume wageni, na mtaa mzima humlinda. Tumemlinda mpaka tukamfuta. Nimekasirika, na sina wa kumkasirikia.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia Zuhura. Alisikiliza huku akichambua mchele. Nikamweleza utaratibu: malalamiko hupokewa ofisi ya mradi hadi mwisho wa mwezi, na mlalamishi aende mwenyewe. Nikamweleza pia jibu la maalim wa msikitini nilipomuuliza, kwamba mjane akiwa na dharura anaweza kutoka mchana, akarudi kwake kulala.

"Maalim amesema kweli," akajibu. "Lakini mimi sitoki. Nyumba hii Salim amenijengea. Niivunje eda yake kwa ajili ya nyumba yake, kisha nirudi nilale humu?"

Nikaanza kueleza upya, tangu mwanzo.

"Kaka, mimi si barabara. Usinipime."

Nikacheka. Njiani nikaacha kucheka. Zuhura hana mtoto. Hana kiwanja. Ana kuta zile tu.

Jumatano, 16 Aprili

Karisa amenijia nyumbani. Si mtu mbaya. Amesema wazi kilichomleta: nisipeleke malalamiko.

Hoja yake naielewa kuliko yeye mwenyewe. Lalamiko moja likiandikwa, mkopeshaji husimamisha kipande kizima mpaka lisikizwe. Na mkopo uliokwisha kutiwa saini haukai bure. Hata fedha ambazo hujazichukua unazilipia ada, kwa kuwa umewekewa. Kila mwezi wa kusubiri unalipwa na mji, na mji ni sisi. Mambo haya mimi ndiye niliyemfundisha.

"Mzee Abdalla, barabara hii wewe ndiwe uliyetuimbia. Leo uizuie kwa kijumba kimoja?"

"Kina mtu ndani."

"Kina dadako ndani."

Nikammiminia kikombe. Akanywa kahawa, akaaga.

Nimejiuliza mchana kutwa: angekuwa mjane wa mtu mwingine, ningehangaika hivi? Sijui. Naona haya kwa jibu hilo, lakini ndilo nililo nalo.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Sikutoka. Nimefikiri.

Sharti la kuhesabu watu si pambo la mkopo. Ni msingi wake. Tukipitisha njia ya mabasi juu ya mtu asiyehesabiwa, tutakuwa tumejenga barabara ile ile ya zamani, ila mabasi ndiyo mapya. Nitapeleka. Karisa atanichukia. Na anichukie.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda ofisi ya mradi. Wamekataa kunipokea, kwa kuwa mimi si mwenyewe. Nikaomba kumwona mkubwa. Akatoka binti wa Kikamba, Mwende, ndiye msimamizi wa malalamiko. Nikamweleza eda: asili yake, sababu zake, mipaka yake. Nilieleza kwa kirefu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Na mimi mwanamke nikimwendea, atanifungulia?"

Makarani wote walikuwa wanaume. Hakuna aliyeliona hilo, nami sikuliona. Nimepima barabara za watu umri mzima, nikasahau kwamba nusu ya watu wenyewe ni wanawake.

Alhamisi, 24 Aprili

Mwende amekuja, mtandio kichwani, ameufunga vibaya. Akapiga hodi. Sauti ya Zuhura ikaitika kutoka ndani: "Hodi na iwe heri, mwanangu. Karibu." Mlango ukafunguka kidogo, ukafungwa.

Mimi na Shee tulibaki barazani. Shee aliutazama mlango. Tangu ajue kwa nini nambari haipo, hajisifu tena. Baadaye tukasikia kicheko. Kicheko cha Zuhura! Sijakisikia tangu maziko.

Mwende alitoka mtandio umefungwa vizuri, na mkononi ana mahamri ndani ya gazeti. Lalamiko ameliandika, na alama ya kidole cha Zuhura imepigwa humo. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Mzee, kazi ya kipande hiki itasimama. Mnajua?"

Nikasema tunajua.

Jumatatu, 12 Mei

Matingatinga yamesimama Changamwe. Watu wanajua sababu. Nilimpa Karisa salamu nje ya msikiti, akatazama viatu vyake. Kwetu salamu isiyoitikiwa ni nzito kuliko tusi. Inaniuma. Sijuti.

Alhamisi, 19 Juni

Lalamiko limekubaliwa. Karani amekuja na kopo la rangi. Nambari ipo sasa, chini ya X. Shee alisimama pale mpaka rangi ikakauka, asije mbuzi akaisugua.

Jumanne, 29 Julai

Eda imekwisha. Zuhura ameoga, amevaa nguo ya rangi, ametoka. Wanawake wa mtaa walikuwa wengi. Walipoondoka alizunguka nyumba yake taratibu, akafika ukutani, akaigusa nambari kwa kidole.

"Salim angesema imepinda."

Imepinda kweli.

Nambari haiokoi nyumba. Mwezi ujao itabomolewa. Kuta zitalipwa, naye atajenga tena huko Jomvu, ndani kidogo, mbali na barabara. Alizitazama kuta muda mrefu. Sikueleza kitu.

Kazi imeanza tena Changamwe. Jana Karisa aliitikia salamu yangu. Neno moja tu, lakini aliitikia.

Kesho makarani wanaanza kipande kinachofuata, na safari hii wanawake wamo. Lakini mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa, nao hawajui nani yuko nyuma yake. Sisi tunajua.

Kazi yetu kesho, kabla makarani hawajafika: kupiga hodi kwa kila mlango uliofungwa.