Neno la Mkubwa wa Kompyuta

Jumatatu, 5 Juni
Maandazi yameisha mapema. Treni ilichelewa, abiria njaa tupu. Raha. Nikapita kwa jirani yangu Mama Neema kumwangalia, wiki ya tatu hii tangu azike mume. Nimemkuta mbele ya kompyuta ya marehemu, ile ya kuchapia watu barua na kadi za harusi. Ndiyo inayowalisha. Printa ya zamani imekufa, kapata nyingine, mashine inaikataa. Inataka neno la siri la mkubwa. Kumbe mle ndani wameandikishwa watumiaji wawili. Mama Neema ndiye mdogo, kuchapa tu. Mkubwa ni marehemu, na neno kaenda nalo kaburini. Nilicheka. Halafu nikaona vibaya.

Jumatano, 7
Sekondari wanataka mitihani yao Ijumaa. Ikishindikana kazi inahamia Manyoni, na hairudi. Mama Neema kamwomba shemeji yake Elia ruhusa ya kuita fundi. Kakataa. Matanga hayajaanuliwa, kitu cha marehemu hakifunguliwi. Kweli ndivyo ilivyo kwetu, hata jembe lake haliguswi. Kuchapa kwa jina lake mwenyewe wazee walimruhusu, ili watoto wapate kula. Ukubwa wa mumewe, hapana.
Watoto watakula nini, hilo hakuna aliyesema.

Alhamisi, 8
Fundi kaja toka Manyoni kimyakimya. Mimi mlangoni, mlinzi, na beseni langu la maandazi. Kazima, kawasha, kabonyezabonyeza, kioo kikawa cheusi kina maandishi meupe. Eti anamwamsha mkubwa ampe neno jipya.
"Mama, andika neno lako. Usimwambie mtu." Akanigeukia. "Hasa huyu."
Tumecheka wote. Mama Neema alikuwa hajacheka tangu msiba. Kaandika huku midomo inalitamka polepole. Nimelisikia. Masikio yangu hayana adabu.
Printa ikanguruma. Mitihani imetoka yote!

Ijumaa, 9
Furaha ilinizidi. Bombani nikatangaza: Mama Neema sasa ndiye mkubwa wa mashine! Nilitaka wamsifu. Mke wa Elia alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Kanyanyua ndoo nusu, kaondoka.

Jumamosi, 10
Wamekuja. Elia na wazee wawili. Wazee wakasema kavunja msiba. Elia akasema, "Umemfukua kaka yangu." Mashine wameipakia kwenye mkokoteni, wameifunika shuka la marehemu. Kama maiti. Mama Neema hakulia.
"Na neno lake?" Elia akauliza.
"Mashine beba, shemeji. Neno ni langu."
Mimi nyuma ya mlango. Mdomo huu. Bora ungeshonwa.

Jumapili, 11
Sikwenda kwa Mama Neema. Naogopa.

Jumatatu, 12
Kaja mwenyewe alfajiri, kanawa, kaanza kukanda unga wangu. Anatafuta kibarua. Hakuniuliza kitu. Afadhali angenitukana. Sekondari wameshapeleka kazi Manyoni. Neema mwanawe karudishwa nyumbani toka shuleni, hana ada.

Jumatatu, 19
Elia kaja gengeni. Kaniamkia shikamoo, hajawahi hata siku moja. Mteja wa mashine kapatikana kisirisiri, ila haichukui bila neno la mkubwa. Elia naye hawezi kuita fundi, wazee walimsikia akisema kufungua ni kufukua. Matanga bado.
Mama Neema alikuwa nyuma, kwenye karai, katupa mgongo.
Elia akaniinamia. "Mama, wewe uliyetangaza bombani hukosi kulijua."
Nikaanza kuongea. Nikamwambia habari za treni. Za jua hili, za asali ya mwaka huu, za mchungaji mpya na suruali zake fupi. Akitaka kuuliza, nakumbuka jingine. Nikaongea mpaka andazi likapoa mkononi mwake. Akaondoka.
Mama Neema hakugeuka. Kanisogezea kigoda kwa mguu. Nikakaa. Tukakaanga yaliyobaki.