Maelezo ya Zelik Pupko Kuhusu Waya wa Darajani

KITUO CHA POLISI SKUDISHKI, JIMBO LA KOVNO
Ijumaa, 17 Aprili 1915

Shahidi: Zelik mwana wa Borukh Pupko. Umri: miaka kumi na tisa. Kazi: fundi wa mabati. Makazi: nyuma ya hamamu, Mtaa wa Wachuna Ngozi. Dini: Myahudi.

Karani wa kituo anaumwa, na Afande Lyzlov amesema niandike mwenyewe kama kweli najua kuandika. Najua. Nilisoma shule ya serikali miaka miwili mizima mpaka mwalimu akachoka, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake.

Nina maelezo juu ya mjomba wangu Todres Zhager, muuza samaki wa chumvi, aliyekamatwa leo kwamba ni jasusi wa Mjerumani. Kesho asubuhi anapelekwa mahakama ya jeshi, na wanaopelekwa huko siku hizi hawarudi.

Mjomba ndiye mtunza waya wa Sabato, na mimi ndiye ninayepanda nguzo, maana mji huu hauna mwingine wa kupanda kama mimi, ulizeni. Siku ya Sabato sisi hatubebi kitu nje ya nyumba, hata leso, hata mtoto mchanga. Lakini waya ukizungushwa mji mzima juu ya nguzo, mji unahesabiwa nyumba moja, na watu wanabeba. Basi. Waya hauendi popote. Unaanzia ukutani kwa Hinda mwoka mikate, unazunguka, unarudi ukutani kwa Hinda.

Mnamo saa mbili asubuhi ya leo tulikwenda darajani, kwa kuwa upepo wa jana ulikata waya hapo. Nilikuwa juu ya nguzo, mjomba yuko chini ameshika ncha. Wakaja askari wa jeshi, sajenti mmoja na wenzake.

Sajenti akasema, "We mzee, unaongea na nani?"

Mjomba akasema, "Na huyu mpumbavu wa huko juu, bwana mkubwa."

Sajenti akamnyang'anya waya, akautia sikioni. Upepo ulikuwa mkali na waya ulikuwa unavuma, kama unavyovuma siku zote. Akabadilika sura. "Kuna mtu anasema!"

Nikamwambia kutoka juu, "Ni upepo, bwana."

"Upepo wa lugha gani?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Hawa Wayahudi hata upepo wameshaununua." Wakampiga mjomba kwa kitako cha bunduki, hapa shavuni, wakamleta hapa kituoni. Mimi waliniacha juu ya nguzo. Sikuteremka. Ninaliandika hilo kwa kuwa Afande ameniuliza.

Saa nne Rabi alikuja hapa kituoni kueleza. Afande anakumbuka. Aliambiwa, "Kama mji ni nyumba moja, mlango uko wapi?" Akasema nguzo mbili na waya juu yake ndiyo mlango. Akaulizwa mlango huo wa kumwingiza nani. Akarudi nyumbani.

Akatukusanya uani kwa sinagogi, akasema, "Tuukate wenyewe, wote, tuwapelekee. Waone kwa macho yao kwamba si kitu."

Hinda akasema, "Rabi, zamani walisema tumetia sumu kisimani. Babu yangu akanywa ndoo nzima mbele yao. Wakasema ana dawa ya kuikinga."

"Basi tufanye nini, Hinda? Tukae?"

Nikachukua koleo. Nikaukata. Mji mzima, peke yangu, na kabla ya saa tisa nilikuwa nimeshaukunja marobota mawili begani. Akina mama walikuwa wanaingiza watoto ndani mapema, maana kesho hawataweza kuwatoa. Dada yangu ana mapacha. Aliwabeba wote wawili, akaingia ndani.

Nikautua mezani kwa Afande, nikasema, "Haya, Afande, mpigie Mjerumani, msalimie."

Afande hakucheka. Alisema, "Nani amewaamuru kuharibu ushahidi?"

Nikasema, "Rabi. Lakini si huu hapa?"

"Waya ungekuwa bado juu, ningewapeleka wanajeshi wakauone hauna kitu. Sasa nitawaonyesha nini?"

"Na kama tungeuacha juu?"

"Mngekuwa mnaendelea kuutumia."

  Nikaambiwa nikae benchini, nikakaa mpaka jioni, ndipo nikapewa karatasi.

Hapa jua limezama. Naona dirishani mishumaa ya Sabato imewashwa ng'ambo ya mtaa. Kuanzia sasa dini yetu inatukataza kuandika. Mjomba yuko chumba cha nyuma ya ukuta huu, na ameisikia kalamu. Anagonga.

"Zelik! Sabato imeingia. Weka kalamu chini."

Nimemwambia, "Mjomba, ni shingo yako hii. Kuokoa roho kunatangulia Sabato, Rabi kasema."

"Rabi ndiye aliyesema muukate waya."

"Sasa niache?"

Amegonga tena. Kisha amesema, "Andika kwamba mimi ni muuza samaki."

Ni muuza samaki. Hajui Kijerumani. Hata Kirusi chake ni cha sokoni, mnaokuja kununua kwake mnajua. Simu hajawahi kuiona. Naapa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda mimi mwenyewe, na nimeyaandika bila kulazimishwa.

Sahihi: Z. Pupko

Maoni ya ofisa: Yamepokelewa saa mbili kasorobo usiku. Shahidi mwenyewe anakiri kwamba dini yake inamkataza kuandika baada ya jua kuzama, naye ameandika mbele yangu. Asiyeheshimu amri za dini yake hawezi kuaminiwa kwa kiapo. Maelezo yabaki kituoni. Waya, marobota mawili, upelekwe mahakamani kama kielelezo.

Lyzlov, Inspekta