Jina Yako pa Anvelopi

Nyamianda, Uvira, mwezi wa tatu 1966

Kwa mutoto wangu Rémy,

Pokea salamu nyingi za mama yako Émérance. Uko muzima? Unakula? Kule Usumbura, kwenye sasa munaita Bujumbura, bananiambia unga iko bei kali na bantu banalala kumi mu chumba kimoja. Minye niko, ninapumua. Jicho ya kushoto imekufa kabisa, ya kuume inaona moto na kivuli ya muntu pa mulango, basi.

Mwenye anaandika ni mama yako mudogo Sabine. Unajua minye kalamu sijaishika hata siku moja. Zamani, wakati baba yenu alimuleta bibi wa pili, nilikuwa namuchekelea juu ya kitabu yake ya masista, namuuliza kama kitabu kinapikika. Leo ananiandikia, anacheka, anasema Yaya, dada yangu mukubwa, enda pole, unanimalizia wino. Ndagala zake zote za asubuhi, samaki ndogo za kuuzisha, zilikwenda mu hii karatasi na anvelopi ya kuitia.

Ziwa ilipanda mwaka huu, ikabeba matete karibu yote. Nyavu za baba yenu zimeoza, lakini nilikataa bazitupe. Nitarudi pa hiyo habari ya nyavu.

Sabine njo ananiogesha. Akipika, anatoa miba ya samaki kwanza, anashika mukono yangu anaionyesha fasi nyama iko. Halafu, kila siku ya soko, anaenda kusimama barabarani kungojea bale banashuka toka Lemera na mihogo. Anabauliza kama habakuona kijana murefu, na kovu pa kidevu, jina Antoine. Mutoto wake mumoja tu. Inaenda mwaka ya pili tangu apotee.

Minye tangu mwaka wa simba, bale waasi wa bunduki, sijakula meza ya Bwana. Bantu banafikiri ni juu ya macho. Pasta alikuja kuniuliza. Nikamwambia ninaomba Mungu kila siku na hajibu. Akasema, mama, kama uko na neno na mwenzako, anza na mwenzako, Mungu atakungojea. Nimejaribu mara ngapi. Nafungua kinywa, Sabine anafikiri niko na njaa, ananitilia samaki ndani.

Sikiliza sasa, Rémy. Na weye Sabine, andika vile ninasema, usiache hata neno.

Siku simba balikuja, balitaka kijana mumoja ku kila nyumba. Baba yenu alikuwa ameshakufa, lakini balituhesabia nyumba moja, bibi bawili, vijana bawili. Weye ulikuwa chini ya nyavu. Antoine alikuwa mu matete. Sabine alikuwa pa soko. Mukubwa wao aliniuliza na sauti ya pole kabisa: "Mama, kijana wa hii nyumba iko wapi?"

Nilikuwa nasonga ugali. Sikufungua kinywa. Nilinyoosha mwiko, upande wa matete.

Sabine aliporudi nilimwambia balimukuta Antoine barabarani, bakamubeba. Na Mungu nilimwambia, Bwana, minye sikusema neno. Nimemwambia hivyo siku zote hizi, kama Yeye hajui mwiko ni kitu gani.

Na weye uliona, mu matundu ya nyavu. Njo maana ulivuka mupaka na hauniandikie.

Rémy, mwenye anaandika sasa ni Georgette, jirani. Sabine aliweka kalamu chini pole pole. Nilingoja anipige. Alichukua kitenge yake akatoka, jua ikiwa pa kichwa. Leo ni siku ya pili. Georgette ananisomea ile ya juu, anasema Sabine aliandika yote, hakuacha hata neno.

Bananiambia balimuona barabara ya bonde, kwenda kwabo. Sijui. Siombi tena anisamehe. Ninaomba aingie tu, hata kama ni kuchukua sufuria yake. Nimebakia na Mungu peke yake, na Yeye naye namuogopa, lakini simuachie, kwa sababu nikimuachia nitashika nini?

Anvelopi iko pa kiti ya Sabine, haijaandikwa jina. Nimekataza Georgette kuigusa. Sabine akirudi, yeye njo ataandika jina yako. Siku ya Mungu, siku ya kanisa, ikifika hajarudi, Georgette ataandika, na Damien mwenye kuuzisha samaki atakuletea. Mukono ya Sabine unaijua, yeye njo alikufundisha a, e, i. Kwa hiyo weye umeshajua kile minye sijui.

Kama ni mukono yake pa anvelopi, kuja, tule pamoja. Kama si yake, usianze kwangu. Enda kwabo mu bonde, upige magoti, umuambie ulikuwa chini ya nyavu.

Salimia bale munalala nabo chumba kimoja. Hapa chini ni kidole yangu.

Mama yako, Émérance