Aliyemurudisha Kuhe Ziwani

Barua hii ilisomwa redioni Kalemie, katika kipindi cha Mama Zainabu. Jibu lake liko chini.

Mupendwa Mama Zainabu, mushauri wetu, nakupigia magoti, unisikilize mpaka mwisho kwa sababu hapa nyumbani hakuna tena wa kunisikiliza, muke wangu Fanny amerudi kwabo Zongwe na watoto wetu na sufuria kubwa, mimi nimebaki na rafu ya vitabu, na tafadhali jina langu usilitaje, useme tu Musomaji, maana mimi ni muntu wa biro, wa ofisini, kule karibu na bandari na watu wananiheshimu.

Mama, ujue kwanza kwamba mimi si muntu wa hivihivi, mimi ninasoma, nikipata mushahara ninapita kwa Djafari, yule anayetandaza vitabu vilivyokwisha kutumika pale sokoni katikati ya viatu na sidiria, ninachagua vile vya kumuinua muntu, vya biashara, vya mapumziko na vya mapenzi, na nikishamaliza ninawapendekezea wengine, hata bila kuulizwa, mujane mumoja wa kanisani kwetu nilimupendekezea kitabu cha mapenzi kabla hata matanga hayajaondolewa, akanitazama vibaya, lakini watu wasiosoma njo wako hivyo.

Basi, shida ilianza na kitabu cha biashara, ambacho kinasema wazi kwamba muuzaji mwenye akili hatoi kitu bure. Fanny anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni, na kama wamama wote wa hapa, akishapima kopo anaongeza kiganja kimoja juu, matabishi, na mimi nikaona kumbe utajiri wetu unavujia kwenye kile kiganja, nikamukataza, na jumamosi nikaenda mwenyewe kusimama nyuma ya beseni yake na kravati shingoni, kila alipopeleka mukono kuongeza, ninakohoa. Na kweli Mama, siku ile hakuna ndagala hata moja iliyotoka bure, ila hata ya kulipiwa haikutoka, wanunuzi wote walihamia kwa jirani yake, Mama Mouna, ambaye tangu azaliwe hajamaliza kitabu. Nikamuambia Fanny avumilie, kitabu kinasema matunda yanaonekana mwaka wa tatu.

Kwa kuwa mambo hayo yalileta joto nyumbani, nikaona nipunguze mawazo, nikachukua kitabu cha mapumziko, kinachofundisha kwamba muntu asiye na kitu anachokifanya kwa raha tupu, bila faida yoyote, moyo wake unachoka mapema. Kulikuwa na sura ya kukusanya tembere, zile stempu za barua, kulikuwa na sura ya kutazama ndege, nikachagua uvuvi wa raha, maana ziwa liko palepale mbele ya muji na halilipishwi. Kitabu kinaeleza vizuri sana: ukishamukamata samaki, mushike polepole kwa mikono miwili, mushukuru, halafu umurudishe majini. Jumapili nikaenda na ndoano, na Mungu ni mwema, nikamukamata kuhe, mukubwa, wa kulisha nyumba mbili. Mama mukwe wangu alikuwa amekuja kututembelea, yeye na Fanny walikuwa wamesimama pale pwani na beseni, nyumbani kulikuwa sombe, majani ya muhogo, bila kitu cha kuweka ndani. Nikamushika kuhe kwa mikono miwili, nikamushukuru kwa Kifaransa, nikamuachia.

Halafu watu wakaanza kusema ninatoa kafara ziwani ili nipandishwe cheo biro, pasta akaitwa, akaniwekea mikono kichwani mbele ya wavuvi wote, na mama mukwe akachukua boti ya kesho yake bila kuniaga, na tangu hapo Fanny alikuwa anaongea na mimi kama muntu anayelipa ushuru.

Nikasema haya, sasa tufungue kitabu cha mapenzi. Ni kinene, nilikisoma jioni baada ya jioni na kalamu mukononi. Hapa niseme pia, usije ukasikia kwa wengine, kwamba Fanny naye alijinunulia kitabu kwa Djafari, cha Kiswahili, kilichovuka kutoka Kigoma bila jalada, hakijulikani hata nani alikiandika, hadithi tu ya mapenzi, na kwa kuwa shule yake ilikatika mapema na kusoma kunamuchosha, jioni moja alipokuwa anachambua ndagala akaniomba nimusomee. Nikamuambia angoje, nilikuwa kwenye sura ya namna ya kumusikiliza muke, na ile sura inataka utulivu. Akakiweka juu ya ndoo ya unga, na mpaka leo kiko pale. Lakini hicho ni kitu kidogo, ninaendelea.

Kitabu cha mapenzi kinasema umushitukize muke wako, chumba kiwe na mishumaa, kitanda kiwe na maua, na wewe unyamaze umuache aone mwenyewe. Nikanunua mishumaa, nikachuma maua ya uzio mpaka uzio ukabaki miiba, nikatandika shuka jeupe, nikavaa suti yangu nyeusi ya harusi. Fanny akatoka sokoni, akafungua mulango, akaona mishumaa, shuka jeupe, maua juu, na mimi nimesimama kando nimeinamisha kichwa. Akaangusha beseni. "Ni nani? Ni mama?" akauliza, na mimi nilikuwa nimenyamaza jinsi kitabu kilivyosema, basi akapiga kilio ambacho walikisikia mpaka barabarani. Wakati nilipolikumbuka neno la mapenzi la kusema, majirani walikuwa wamekwisha kuingia na mikeka, Mama Mouna analeta kuni, binamu yake Fanny anafika na pikipiki kutoka Katanika akilia njia nzima, wanaume wananivuta pembeni kuuliza habari za kaburi. Mama, kuwarudisha watu kwao wakiwa wamekwisha kuketi na chai imechemka, ile si kazi ya muntu mumoja, wengine walikataa kabisa, wakasema hata kama hakuna maiti, watakunywa chai kwanza.

Asubuhi Fanny akafunga vitu. Hakugomba. Alisema tu, "Baki na wake zako wa karatasi," akaenda kwenye boti.

Na mimi sikukaa bure, usinifikirie vibaya. Nilimutumia baba mukwe, Papa Symphorien, kile kitabu cha biashara, nikakipatia muntu wa boti, nikiwa nimetia alama kwenye sura ya kumutuliza muteja aliyekasirika. Jibu lililorudi ni hili: "Muambie mukwe wangu karatasi ni nzuri, mama anafungia mikate ya kukaanga na haipitishi mafuta. Yeye mwenyewe atafika lini?" Sijui kama alifika kwenye sura niliyomuonyesha. Yule muntu wa boti akaongeza kwamba mwezi ukijaa, wakati wavuvi hawaendi na taa na wanaume wote wako nchi kavu, familia itakaa kikao cha kurudisha mahari, ndoa iishe.

Mama Zainabu, mimi ninamupenda Fanny. Hiyo sikuisoma mahali. Nikitoka biro ninasukuma mulango na kumuita jina kabla sijakumbuka kwamba hayupo. Basi naomba, wewe unayejua mambo mengi, unipendekezee kitabu kizuri cha kumurudisha muke aliyekwenda kwabo, na kama inawezekana kiwe kifupi, maana mwezi unakaribia kujaa.

Mimi Musomaji, Kalemie.

JIBU LA MAMA ZAINABU

Papa Musomaji, pole. Ninaanza na pole kwa sababu nikishaanza na yale mengine sitapata tena nafasi ya kuisema.

Jina lako nimelificha jinsi ulivyoniomba, ingawa nusu ya Kalemie ilikunywa chai kwenye kilio chako na inakujua mpaka soksi. La muke wako umeliandika kila mahali bila kumuuliza, na hapo tayari nimekufahamu wewe ni bwana wa namna gani.

Usinielewe vibaya, mimi vitabu ninavipenda. Marehemu babu yangu alivivusha ziwa pamoja na vitambaa na chumvi, na alikuwa anatupiga tukivikunja kurasa. Kwa hiyo sitakuambia uvichome. Vitabu vyako havina kosa. Yule aliyeandika cha biashara anaishi kwenye muji ambapo muuzaji na mununuzi hawajuani, na pengine kule amesema kweli. Hapa kwetu muntu anayapita mabeseni yote mpaka kwa Fanny kwa sababu ya kile kiganja, na kwa sababu Fanny anamuuliza mutoto anaendeleaje wakati anakiongeza. Wewe ulikwenda kukohoa juu ya kitu kilichokuwa kinakulisha, na kravati shingoni. Ole wako.

Habari ya kuhe siiongei kwa muda mrefu, maana ninaweza kutukana na kipindi hiki watoto wanakisikiliza. Mama mukwe amesimama na beseni, sombe iko motoni, na wewe unamushukuru samaki. Hukumushukuru mama yule aliyekuzalia muke, ulimushukuru samaki, tena kwa Kifaransa! Ukitaka raha bila faida, kaa jioni na wavuvi wanaotengeneza nyavu zao za makila, wakucheke kidogo, uwacheke. Kitabu kitakungoja nyumbani.

Na maua juu ya shuka jeupe. Wewe ni mutoto wa hapa, umezikwa na watu wangapi, eh, niseme umezika watu wangapi, unanikasirisha mpaka ninakosea. Umeyaona wapi maua juu ya kitanda kama si pale muntu amelala na haamuki? Muke wako alipouliza kama ni mama yake, hapo ndipo palikuwa pa kufungua kinywa. Alikuwa anakuuliza kama mama yake amekufa, na wewe ulikuwa unangoja ukurasa.

Lakini hata hayo yote, Papa Musomaji, Fanny angekusamehe. Wanawake wa ziwa wanasamehe mengi, wakishacheka. Kitu ulichokiita kidogo njo kikubwa. Muke wako alichukua pesa yake ya ndagala akajinunulia kitabu. Wewe unatembea muji muzima ukipendekezea wajane, na ndani ya nyumba yako mumoja alikuja mwenyewe na kitabu mukononi akasema nisomee. Ukamuambia angoje, unajifunza kumusikiliza. Mimi niliposoma hapo niliweka barua chini, nikaenda kunywa maji.

Unaomba kitabu. Haya, ninakipendekeza: kile kilicho juu ya ndoo ya unga. Jalada halina, muandishi hajulikani, na ndani ya nyumba yako hakuna kingine kinachofaa wiki hii.

Sasa sikiliza, na usiandike, uweke kichwani. Baba mukwe alikuuliza neno moja tu, wewe utafika lini. Ukamutumia karatasi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na alama ya kalamu haiombi musamaha. Nenda kwa baba yako mudogo leo, umuambie ukweli, hata ule wa kuhe, akuongoze maana kwa wakwe muntu haendi peke yake. Tafuteni mbuzi, na kitenge cha mama mukwe kiwe kizuri, kuliko kile ulichokuwa unafikiria. Pandeni boti kabla mwezi haujajaa. Mukifika, baba yako mudogo ndiye anaongea. Wewe ukiulizwa, jibu: nilikosa. Usiongeze sura. Watakutoza faini, ulipe bila kutafuta punguzo, na ukisikia mikono inataka kutafuta kalamu mufukoni, ikalie.

Fanny akirudi, beseni ni lake na kiganja ni chake. Siku ukikohoa sokoni, uwe una kifua kweli. Na kila jioni akichambua ndagala, unakaa chini kwenye mukeka, siyo kwenye kiti, unamusomea. Akikuambia rudia pale, unarudia. Akikuambia nyamaza kwanza niwaze, unanyamaza, na ile sura yako ya kusikiliza utakuwa umeimaliza bila kuifungua.

Na wewe Fanny, ninajua redio ya Papa Symphorien inashika vizuri kule Zongwe, na ninajua leo unanisikia. Sikuambii urudi, hayo ni yako na ya wazazi wako. Ila utamuona anashuka kwenye boti, na kitabu chako kiko ndani ya shati yake kisilowe. Mupe nafasi akusomee ukurasa mumoja, pale pale pwani, mbele ya mama yako. Ukiona anasoma vizuri, muache amalize. Ukiona anaanza kukufundisha maana yake, usigombe, mwanangu. Mushike polepole kwa mikono miwili, mushukuru, halafu umurudishe ziwani. Alikwisha kutuonyesha sisi wote namna inavyofanywa.